Sura ya Tisa Chini ya Paa

Kanisa letu liko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Muthara, ukipandisha na njia ya migomba, na chini ya paa lake kuna sura tisa za mawe. Mgeni akifika husimama, hutazama juu, kisha hucheka au hukunja uso. Sisi tuliokulia pale hatukuzitazama sana. Mimi nilikuwa na sababu zangu za kutozitazama, na sababu kubwa ilikuwa ile ya tisa.

Aliyezichonga ni baba yangu. Miaka michache baada ya uhuru, padre mzee kutoka Italia alichoka kuhubiri ndani ya kanisa la udongo lililovuja, akaamua kujenga la mawe, na baba akawa fundi wake. Padre huyo alikuwa na kitabu kikubwa cha picha za makanisa ya kale sana ya Ulaya, yale ambayo walioyajenga wamekuwa vumbi kwa miaka mia nane. Kuta za makanisa hayo zimejaa vituko: nguruwe anapiga zumari, wazee wawili wanavutana ndevu, mnyama amevaa kanzu na kusimama mimbarini. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Padre alikuwa na Kiingereza cha kuombea maji, na baba hakuwa hata na hicho, kwa hiyo maandishi waliyaacha yalale. Padre alionyesha picha kwa kidole, baba akachonga.

Baba alichonga alichokijua. Kitabuni, mbweha aliwahubiria mabata. Baba akaweka fisi anayewahubiria mbuzi, maana kwetu hiyo ndiyo hatari inayoeleweka. Padre alipotaka nguva wa baharini, baba, ambaye samaki pekee aliyepata kumfahamu ni kambare wa Mto Tana, akachonga mwanamke mwenye mkia wa kambare, na kwa kuwa hakupenda kazi nusunusu, akamwekea na sharubu. Kina mama wa kanisa walisema ni onyo kwa wasichana wanaooga mtoni mchana kweupe. Mimi nilimhurumia tu kwa zile sharubu.

Ya tisa iko kwenye pembe ya mashariki, juu ya mlango wa sakristia, chumba anamovalia padre. Ni uso wa mtoto mchanga. Ametia vidole viwili mdomoni na kuuvuta mpaka umepanuka kama mfuko, na ndani yake kuna meno mawili tu. Yote mawili ni ya juu.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa. Kwa asiyejua, nitasema wazi: zamani, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini alihesabiwa kuwa mkosi. Watu wa pwani wanamwita kigego. Kwetu jina halikuhitajika, watu walitazamana tu na kunyamaza. Iliaminika kwamba ataingiza kifo nyumbani, na kulikuwa na namna za kumwondoa ambazo hakuna mtu mzima aliyependa kuzieleza. Shule zilikuja, kanisa likaja, uhuru ukaja, na bado bibi angempakata mjukuu akisema anampa uji, kumbe kidole kinapita kwenye ufizi kutafuta habari.

Mama yangu alikufa kwa homa nikiwa na miezi minne. Mwaka huohuo baba akachonga ile sura. Watu hawakuhitaji kufundishwa hesabu hiyo.

Upande wa mama haukunitaka, na baba hakuwa na ukoo pale. Alikuwa mtu wa kuja, Kimeru chake kilikuwa na lafudhi ya Mbeere, na kila mtu alijua ametoka huko chini kwenye joto. Basi alinilea mwenyewe. Watawa wa zahanati walimpa maziwa, naye akanilaza ndani ya kikapu kivulini pale penye ujenzi, nikalala katikati ya kelele za nyundo. Mpaka leo sisumbuliwi na kelele, na wanafunzi wangu wanajua hilo ni balaa kwao, kwa sababu nasahihisha madaftari huku nikiwasikia wote.

Nilikuwa darasa la pili nilipoambiwa. Msichana niliyekuwa nimempita kwenye mtihani alinivuta hadi nyuma ya kanisa, akanionyesha juu. "Yule ni wewe," akasema. "Ulimaliza mama yako. Baba yako akaweka mkosi wako kwa hiyo mawe ndio asikufe na yeye." Nilimpiga ngumi ya pua, nikachapwa kwa ajili hiyo, lakini nilimwamini.

Nilimwamini kwa miaka kumi na tano. Sikumuuliza baba. Hakuwa mkali, ila alikuwa mtu wa maneno machache, na kuna swali ambalo mtoto haulizi kwa sababu akijibiwa hana pa kukimbilia. Kila aliponikatia kipande kikubwa cha nyama, au aliponisubiri kwenye lango la bweni siku ya kufunga shule, furaha yangu ilikuwa na doa. Nilikuwa nikijiuliza kama anaponitazama anamwona binti yake au anaona kitu kilichomuua mkewe. Hilo tu ndilo nililotaka kujua maishani, na ndilo nililoliogopa kuliko yote.

Nikasoma, nikawa mwalimu, nikapangiwa shule iliyo ng'ambo ya barabara kutoka kanisani. Kumbe mtu anaweza kusoma mpaka chuo akaishia kula chakula cha mchana akitazamana na ile sura.

Mwaka wangu wa pili kazini, paa la kanisa lilioza. Padre mzee alikuwa ameshafariki, na padre mpya alikuwa kijana kutoka upande wa ziwa, kwa hiyo mikutano yetu ya kamati ilifanywa kwa Kiswahili ili naye asibaki nje. Nilikuwa mwandishi wa kamati. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye shamba kubwa la majani chai na maneno mengi kuliko majani hayo. Tulipofika kwenye suala la paa, alisimama.

"Padre, sisi hatukatai urembo," alisema. "Lakini hiyo fisi imevaa nguo ya misa. Na hao mbuzi, ni akina nani kama si sisi? Wakati tunatoa paa, hizo shetani zote zitoke."

Padre alikuna kidevu. "Iko kitabu kwa store, ya marehemu padre. Mwalimu, wewe Kiingereza si ni yako? Soma, utuambie hizi mawe ziko na maana gani. Yenye iko na maana mbaya tutatoa. Yenye iko sawa ibaki."

Wote wakaniangalia, kisha wote kwa pamoja wakaangalia mahali pengine. Walijua. Nikasema sawa, nitasoma.

Kitabu kilinuka kinyesi cha panya, lakini nilikipenda. Nilijifunza kwamba mbweha anayehubiri ni mwalimu wa uongo, na mabata wanaonywa wasimsikilize. Nguva ni majivuno na tamaa. Wanaovutana ndevu ni ugomvi wa majirani. Wataalamu wengine walidai sura mbaya huwekwa nje ya kanisa ili shetani akifika akute kuna wabaya kumshinda, aone haya arudi. Mwandishi mwenyewe alikuwa muungwana, kila baada ya kurasa chache alikiri kwamba hakuna ajuaye kwa hakika, na waliochonga hawakuacha barua. Nilisoma nikitikisa kichwa, nikiwaza kwamba kwetu aliyechonga yuko hai, anakunywa chai yake nje ya jikoni, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

Nami sikumuuliza. Niliendelea kusoma mpaka nikafika kwenye picha za watu wanaovuta midomo. Kumbe wako wengi, karibu kila kanisa la kale lina wake. Mwandishi alieleza kwamba wengine huwaona kuwa dhambi ya ulafi, wengine dhambi ya ulimi, na wengine husema ni kinywa cha shetani kinachowadhihaki waumini. Nilipofika hapo nikafunga kitabu, ingawa maelezo hayo yalikuwa hayajaisha. Nilikuwa nimepata nilichokuwa nakitafuta.

Naomba nieleweke. Sikuwa nimedanganyika, nilidanganya. Nilitaka lile jiwe livunjwe, na nilikuwa nimepewa kalamu.

Mkutano uliofuata niliwatetea wanane wote kwa moyo. "Fisi ni mwalimu wa uongo," nilimwambia mwenyekiti. "Anatuonya tusifuate kila mtu mwenye kanzu."

"Kwa hivyo mbuzi ni sisi tu."

"Ni sisi, mzee, lakini tumeonywa."

Aliwaza hilo, akaridhika. Mwanamke wa sharubu alipita baada ya mabishano mafupi ambayo kina mama walishinda. Nikafika kwa wa tisa. Nikasema kitabu kimeeleza kwamba hicho ni kinywa cha shetani, na hakifai nyumbani mwa Mungu. Hakuna aliyeuliza swali. Mama mmoja aliyeketi karibu nami aliushika mkono wangu chini ya meza, na nikajua ananipongeza.

"Hiyo itoke," alisema mwenyekiti.

"Na nani atatoa bila ukuta kupasuka?" padre akauliza.

Hapo ndipo akili yangu yote ya chuoni iliponiumbua, maana sikuwa nimelifikiria hilo. Fundi wa mawe alikuwa mmoja tu.

Katekista alimpelekea baba ujumbe. Nilikuwa jikoni, nikawasikia uani. Baba aliuliza, "Ya mashariki?" Katekista akasema ndiyo. Baba akasema, "Sawa." Jumamosi asubuhi alitia patasi mbili na nyundo ndani ya gunia, nami nikamfuata kushika ngazi, kwa kuwa goti lake moja lilikuwa halimtii. Nilikuwa na haraka jambo hili liishe, na wakati huohuo nilijiona kama mtu aliyeiba.

Alipanda polepole. Alipofika juu hakuanza kazi. Alipangusa jiwe kwa kiganja, akaondoa ukoga na matope ya mbayuwayu, akalitazama kwa muda.

"Kitabu kilisema huyu ni nani?" aliuliza bila kugeuka.

"Kinywa cha shetani."

Baba alicheka. Kwa mtu wa maneno machache alikuwa na kicheko kikubwa, na ngazi ilitikisika mikononi mwangu. "Nimeitwa mambo mengi," akasema. "Shetani bado nilikuwa sijaitwa."

"Wewe?"

"Nani mwingine? Angalia masikio."

Nikaangalia masikio. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa nimepita chini ya jiwe lile maelfu ya mara, na sikuwahi kuona kwamba lina masikio. Yalikuwa makubwa, yametokeza pembeni, na la kushoto limekunjika juu kama jani lililoumwa na mdudu. Nikainua macho kidogo, nikaona sikio la kushoto la baba, limekunjika vilevile. Yangu ni madogo, yamelala kichwani, ni ya mama. Nimeyaona kwenye picha yake.

Akanieleza akiwa juu ya ngazi, uso wake ukielekea ukutani, na nadhani asingeweza kunieleza akiwa chini. Hakuwa Mmbeere. Alizaliwa vilima vitatu kutoka hapo tulipokuwa. Meno yake ya juu yalitangulia, na mama yake akaambiwa ampeleke msituni na arudi peke yake. Siku zile kulikuwa na mwanamke mfinyanzi aliyepanda kutoka upande wa Kiritiri, huko Mbeere, kubadilisha vyungu kwa nafaka. Mama yake alimkabidhi mtoto, akarudi nyumbani mikono mitupu, na kila mtu akaamini alichotaka kuamini. Mfinyanzi alimlea kama wake. Kabla hajafa alimtajia kilima alikozaliwa, naye, akiwa tayari fundi, akaja kutafuta kazi karibu na kilima hicho.

"Ulimpata mama yako?"

"Nilipata kaburi."

"Na hakuna anayejua?"

"Padre alijua. Aliniambia kwao fundi akimaliza kazi huacha uso wake mahali. Akasema, nawe weka wako."

"Mbona ukaweka wa mtoto?"

"Huo ndio uso wangu walioujua hapa," alisema baba. "Huu mwingine ni wa mtu wa kuja."

Niliketi chini kwenye nyasi, nikashika kichwa, na pumzi iliyonitoka ilikuwa imekaa kifuani tangu darasa la pili. Haikuwa mimi. Nililia na kucheka kwa wakati mmoja. Sijui kama kuna raha ya mwili inayoishinda ile ya kushushiwa mzigo uliouzoea hata ukasahau kwamba ni mzigo.

"Shika ngazi!" baba alipiga kelele. "Unataka kunizika leo?"

Nikaruka nikaishika. "Shuka," nikamwambia. "Usiiguse."

"Kamati imesema itoke."

"Kamati niliidanganya mimi."

Hakuuliza kwa nini. Alirudisha patasi kwenye gunia, akashuka, na mguu ulipogusa ardhi akasema, "Waambie ni fundi. Ya meno usiwaambie."

Mchana ule nilifungua kitabu pale nilipokifunga. Ukurasa uliofuata tu, mwandishi alikuwa amesema kwamba katika baadhi ya makanisa hayo sura ya kuchekesha iliyo pembeni kabisa hudhaniwa kuwa ya fundi mwenyewe. Laiti ningevumilia ukurasa mmoja zaidi. Nawaambia wanafunzi wangu wasome swali mpaka mwisho, na hawajui ninavyoona haya kila ninaposema hivyo.

Jumapili baada ya misa, kamati ikiwa imesimama uani, nilikiri. Nilisema nilisoma nusu, na nusu hiyo niliichagua kwa sababu zangu. Nilisema sura ile ni ya fundi mwenyewe, na habari ya meno sikuitaja. Nilingoja nivuliwe uandishi wa kamati. Mwenyekiti alizunguka hadi upande wa mashariki, akainua kichwa, nasi tukamfuata.

"Ngai, Mungu wangu," akasema, "hayo masikio nayajua." Akageuka kumtafuta baba, ambaye alikuwa anaondoka zake taratibu na njia ya migomba. "Fundi! Si ungesema ni wewe! Miaka hii yote tunaogopa masikio yako!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yule mama aliyenishika mkono mkutanoni alikuja, akanikumbatia kwa nguvu. Na yule msichana wa darasa la pili, sasa mwenye watoto wawili, alikuwa amesimama palepale, mtoto mgongoni, akiangalia masikio ya jiwe, kisha yangu. Nilimwacha aangalie. Furaha yangu ilikuwa kubwa mno, haikuacha nafasi ya kinyongo, ingawa sikatai kwamba niligeuza kichwa kidogo ili aone vizuri.

Padre alisema sura zote tisa zitabaki, na tukaendelea na suala la mabati.

Lakini nilipofika nyumbani swali moja lilikuwa limebaki, na sasa nilikuwa na ujasiri wa kuliuliza. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, anamenya ndizi za mukimo, zile za kuchemsha na kuponda. Niliketi mkabala naye nikachukua kisu changu.

"Na mimi?" nikauliza. "Nilianza na yapi?"

"Ya chini," alisema mara moja. "Moja, upande wa kushoto. Nilikuwa nikiangalia kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, nikinawa mkono kwanza. Siku hiyo nilifanya kazi mpaka padre akaniuliza kama nimelewa."

Nilimenya ndizi nzima. Basi watu walikosea mara mbili, kwa sura na kwa meno, na mimi pamoja nao. Ningeweza kuishia hapo na kuridhika. Lakini mwalimu huuliza mpaka mwisho, na nilikuwa nimeshachapwa na kitabu kwa kutofanya hivyo.

"Ile sura uliichonga kabla ya jino langu, au baada?"

Baba aliweka kisu pajani.

"Kabla," alisema. "Mama yako ameondoka, wewe ufizi mtupu, na watu wameanza kupita karibu na kikapu chako wakichungulia. Nilifunga mzigo. Blanketi, patasi, kibuyu cha maziwa. Nikasema, nikiona ya juu tunashuka Kiritiri usiku huohuo, tukae huko mpaka yajae. Meno yakishajaa mdomoni, nani anauliza lipi lilitangulia? Mzigo ulikaa nyuma ya mlango siku nne. Siku ya tano nikakasirika. Nilihamishwa na meno mara moja, sikutaka kuhamishwa tena. Nikafungua mzigo, nikatoa patasi, nikachukua jiwe."

"Ukajichonga wewe."

"Nikaweka pale juu kila mtu aone, nikangoja nani atasema neno. Hakuna aliyesema." Alichukua ndizi nyingine, akaikagua. "Nikawaza, huyu akitoa ya chini, basi. Akitoa ya juu, siku atakayojua kutembea nitamleta nimwonyeshe. Nitamwambia, mwenzako yule kule, yuko kwenye nyumba ya Mungu, na hakuna aliyethubutu kumteremsha."

Nilimwambia asante, neno ambalo sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumwambia. Akasema niangalie sufuria, maji yanachemka.